Mchuzi wa ukwaju uliorudi kuwa maji

SWALI: Mimi hupika mchuzi mzito wa ukwaju wa kulia viazi karai. Wanga wa mahindi ulikuwa ukiutia ukungu, nikashauriwa nitumie unga wa araruti. Mchuzi uling'aa na kushika vizuri, lakini baada ya kuuacha ukitokota kwa muda ulirudi kuwa mwepesi. Nilipoutia unga huohuo katika kastadi ya maziwa, nikapata kitu chenye utelezi. Je, unga huu si wa nduma? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, hautokani na nduma, ingawa huko Kenya nduma huuzwa kwa jina hilohilo la Kiingereza. Araruti halisi hutoka katika mashina ya chini ya ardhi ya Maranta arundinacea, mmea ambao kisiwa cha Saint Vincent katika Karibi kilivuma kwa kuulima. Mashina hayo hukunwa, huoshwa na kuchujwa, kisha wanga unaotuama hukaushwa. Soma pakiti vyema, kwa kuwa wapo wanaouza wanga wa muhogo kwa jina hilo.

Ukali wa ukwaju usiulaumu sana, maana araruti huustahimili kuliko wanga wa mahindi. Kilichouharibu mchuzi wako ni moto. Chembe za araruti huvimba na kushika mchuzi hata kabla haujachemka, na zikiendelea kutokoteshwa na kukorogwa kwa nguvu hupasuka, uzito ukapotea. Kwa hiyo maliza kwanza kupika ukwaju, sukari na pilipili, ndipo ukoroge kijiko kimoja cha chakula cha araruti katika vijiko viwili vya maji baridi kwa kila kikombe cha mililita 250, umimine polepole huku ukikoroga taratibu. Mchuzi utakuwa mweupe kidogo, kisha weupe utatoweka na mgongo wa kijiko utabaki umepakika. Hapo epua mara moja, wala usingoje uwe mzito zaidi, kwa sababu utaongezeka ukipoa. Kiporo nacho kipashe kidogo tu, kisichemke.

Ule utelezi wa kastadi ni tabia ya araruti ikikutana na maziwa ya ng'ombe, na sijui mbinu ya kuuondoa inayostahili taabu yake. Kwa kastadi, rudia wanga wa mahindi, ambao ukungu wake hauonekani ndani ya maziwa.