Karani haoni, mfumo unamkatalia: niweke wijeti?

SWALI: Habari kaka. Nimetengeneza mfumo wa chama chetu cha msingi huku Tandahimba. Karani wetu mmoja haoni, anatumia TalkBack, ile programu ya kusoma skrini kwa sauti, kwenye simu. Akiingiza kilo za korosho anarudishiwa fomu tupu, hajui kakosea wapi. Kuna jamaa anauza wijeti, kijiprogramu cha nyongeza, unabandika mstari mmoja wa msimbo (code) kwenye tovuti eti kila kitu kinakaa sawa. Niiweke? Mimi ni mtu wa bekendi tu, upande wa seva.

JIBU: Salama dada. Hapo kwenye "bekendi tu" ndo mnaponichosha, hapa Mtwara kila anayenifuata anasema hivyohivyo, asiyeona ni shughuli ya mtu wa frontendi, upande wa skrini, na rangi zake. Haya, hiyo fomu tupu nani kairudisha? Si seva yako!

Mifumo ya hivi nikiifungua nakuta mtu kaandika 1,250, validesheni (ukaguzi wa alichoandika) imekataa ile koma, seva inatema ukurasa upya na jibu la namba 200, yaani "sawa", kana kwamba mambo shwari, kosa lenyewe ni maandishi mekundu pembeni ambayo TalkBack haina sababu ya kuyakimbilia. Koma ifute hukohuko seva, usimsumbue mtu. Pakiwa na kosa kweli rudisha 422, namba ya kusema kilichotumwa hakikubaliki, taja sehemu, sema kosa kwa Kiswahili na alichoandika kibaki: "Kilo: umeandika 12O0, kuna herufi O katikati, weka sifuri." Hapo anarekebisha herufi moja, haanzi upya.

Sesheni nayo, ule muda wa kubaki ndani ya mfumo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na walemavu, inataka muda ukikaribia kuisha mtu aonywe, apate angalau sekunde 20 za kuuongeza, nyie mnamkata kimyakimya wakati bado anasikiliza sehemu ya tatu ya fomu. Na lang="sw", alama ya kuwa ukurasa ni wa Kiswahili, itoke seva, la sivyo atasomewa Kiswahili kwa sauti ya kizungu.

Wijeti usilipe hata mia. Inakaa kwenye brauza, itajuaje seva imekataa nini kama wewe mwenyewe hujasema? Mwaka 2025 FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda walaji, iliibana accessiBe, kampuni inayouza wijeti za hivyo, ilipe dola milioni 1 kwa kudai kifaa chao kinaweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi WCAG, na biashara ya aina hiyohiyo ndo inazungushwa maofisini huku kusini, watu wanalipia kitufe cha kukuza herufi halafu wanaandika kwenye ripoti kuwa walemavu wamehudumiwa. Akija huyo jamaa wako mwambie awashe TalkBack, skrini aifunike na kanga, ajaze kilo mpaka risiti itoke, ndo mzungumze bei.