Msikate Mizabibu Machi: Kwa Wanaoanza Kupanda Zabibu Nyumbani Dar es Salaam

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Tabata aliniita nikaitazame mizabibu yake minne, na kabla sijavuka geti nilikwisha kuona kitakachoniumiza: matawi yote yamepogolewa, machipukizi mapya yenye urefu wa kiganja yamesimama wima, na mawingu ya masika yamefunga upande wa Pugu. Alikuwa amekata mwanzoni mwa Machi. Alisimama kando yangu akisubiri nimpe hongera, nami nikakosa la kumwambia, kwa sababu ni mtu wa tatu mwaka huu kufanya jambo hilohilo, na wote watatu wana akili, wana bidii, wana mkasi mkali na samadi ya kutosha. Walichokosea ni tarehe.

Nawaandikia ninyi mnaoanza. Najua pingili, vile vipande vya tawi vya kupandia, mnazifahamu, kuhesabu macho, yaani vifundo vinavyochipua, mnaweza, na kichanja mmekwisha kujenga, kwa hiyo sitarudia yale ambayo bwana shamba yeyote atawaeleza.

1. Shimo na maji. Chimbeni sentimita 60 kila upande, changanyeni samadi iliyooza kabisa, na msipande mahali ambapo maji hutuama wakati wa mvua. Wenye visima karibu na bahari waonje maji yao kwanza. Ikiwa ulimi unahisi chumvi, mzabibu nao utaihisi, na mtaona kingo za majani zikikauka kana kwamba zimebabuliwa na moto. Kwa hao, maji ya bomba au ya mvua waliyoikinga ndiyo salama.

2. Mwaka wa kwanza si wa kula zabibu. Chagueni chipukizi moja lililonyooka, lifungeni kwenye mti wa kuegemea, ondoeni maotea ya pembeni kwa kidole yangali laini, na likifika kwenye waya likateni ncha ili litoe mikono miwili. Likitoa kichala mapema, kiondoeni. Najua inauma. Dada mmoja wa Ukonga alikataa katakata kukiondoa kichala chake cha kwanza, akakipiga picha kila asubuhi, mwishowe akavuna punje 19, na shina lake likabaki jembamba kama penseli hadi mwaka uliofuata, wakati mwenzake waliyepanda naye siku moja alikuwa tayari anatandaza mikono juu ya kichanja.

3. Msimu. Hapa naomba mkae kitako tusikilizane.

Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huamshwa na joto. Kwetu haulali. Usipoukata hutoa majani mwaka mzima na matunda machache yasiyo na mpangilio. Ukiukata huchipua ndani ya wiki mbili hivi, na vichala vya maua hutoka pamoja na machipukizi hayo. Kwa hiyo siku unayokata ndiyo siku unayoamua maua yatakutana na hali gani ya hewa na zabibu zitaiva mwezi gani. Dodoma wanavuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na wengi wetu tunafuata desturi ya huko kwa sababu pingili zetu zimetoka huko. Lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, na mvua yake, inayonyesha kwa msimu mmoja, kwa wastani ni chini ya milimita 600 kwa mwaka. Sisi tunapata zaidi ya milimita 1,000, vuli na masika, na hata siku isiyo na mvua hewa yetu imejaa unyevu wa bahari. Pingili ya kule inatufaa; tarehe za kule hazitufai.

Nilijifunza hili kwa gharama, nami nitaeleza bila kuficha.

Mwaka wa tatu wa mizabibu yangu sita hapa Kimara, nilikwenda Dodoma kwenye msiba wa ndugu, mwanzoni mwa Machi. Baada ya matanga nilitembezwa shambani, nikakuta watu wanavuna, makreti yamejaa, nami nikarudi Dar es Salaam na hamu iliyonizidi nguvu. Jumamosi hiyohiyo nilikata yote sita, nikibakiza macho matatu kila tawi. Kesho yake ncha zilizokatwa zilikuwa zikidondosha maji, tone baada ya tone, jambo ambalo ni la kawaida kwa mzabibu wenye maji ya kutosha mizizini, wala lisiwatishe. Jirani yangu, mama anayekaanga vitumbua asubuhi mbele ya nyumba yake, alikuwa na mzabibu mmoja wa mwaka mmoja na nusu, aliokuwa akiulea ili uje kumpa kivuli pale penye jiko. Aliniuliza, "Jirani, na huu wangu tuukate?" Nikamjibu ndiyo, nikapanda ngazi, nikaukata kwa mkono wangu.

Siku ya 18 machipukizi yalikuwa na vichala vichanga, vidogo kuliko ncha ya kidole. Nilivihesabu hadi 70 nikaacha. Siku ya 20 mvua ilianza, ikanyesha siku nne mfululizo. Ilipopumzika niliona juu ya majani madoa ya manjano yaliyofifia, kama tone la mafuta ya kula lililoangukia karatasi. Niligeuza jani moja. Chini ya kila doa palikuwa na utando mweupe, laini kama sufi. Huo ndio ubwiri vinyoya. Ugonjwa huu unahitaji jani lililolowa ili uingie kupitia vitundu vya kupumulia vilivyo upande wa chini, na majani yangu yalikuwa yamelowa usiku na mchana.

Dawa niliyokuwa nayo ndani ilikuwa salfa. Salfa ni ya ubwiri unga, ule wa vumbi jeupe la kijivu, ambao huenea hata jani likiwa kavu. Kwa ubwiri vinyoya haisaidii. Sikutofautisha. Niliipulizia saa sita mchana, jua lilipochomoza kati ya mvua mbili, na salfa ikipulizwa katika joto linalozidi nyuzi 30 huweza kuunguza majani. Yaliyosalimika na ubwiri yakaungua. Vichala viligeuka kahawia, vikakauka, vikawa vinapukutika nikivigusa.

Kisha nikafanya kosa ambalo ninalijutia hadi leo. Mwanzoni mwa Mei, mizabibu ikiwa mitupu, niliikata tena, wa jirani nao pia, nikidhani naipa nafasi ya kuanza upya. Mzabibu uliokatwa hauna majani ya kuupikia chakula. Machipukizi ya kwanza hulishwa na akiba iliyo katika shina na mizizi, na ni mpaka majani mapya yakomae ndipo akiba hiyo hurudishwa. Mimi niliitumia akiba hiyo Machi, majani ya kuirudisha yakafa Aprili, na Mei nikaidai tena. Mizabibu minne yenye mashina manene ilivumilia. Miwili ilikauka. Ule wa jirani, mchanga, usio na akiba ya maana, ulitoa chipukizi moja lenye majani matatu yaliyopauka, nalo likanyauka wiki hiyohiyo. Mama yule alikuwa akitoka kila asubuhi na kikombe cha maji kuumwagilia. Hakunilaumu hata mara moja. Nilikwenda mwenyewe kumweleza kwamba mzabibu wake haukufa kwa uzembe wake bali kwa tarehe nilizomchagulia mimi, naye akanikaribisha chai.

Tangu hapo nakata wiki ya kwanza ya Juni, masika yakishakwisha na upepo wa kusi ukikausha umande mapema. Maua hufunguka Julai, katika miezi yetu ya ubaridi na ukavu, na zabibu huwa tayari siku 110 hadi 120 baada ya kukata, yaani mwishoni mwa Septemba, kabla vuli haijachanganya. Navuna mara moja tu kwa mwaka. Wapo wanaokata tena mwishoni mwa Desemba. Hesabuni siku wenyewe, mtaona kwamba zabibu hizo zinaiva Aprili, mvua ikiwa juu yake na punje zikipasuka. Sishauri kabisa. Wakati wa mvua kazi yenu ni kulinda majani: dawa yenye madini ya shaba ipulizwe kabla ya mvua, kwa sababu hukinga tu, haiponyi kilichokwisha kuingia, na matawi yaliyosongamana yapunguzwe ili upepo upite.

4. Kunguru. Punje zikianza kubadilika rangi, funikeni kwa chandarua chakavu siku hiyohiyo, wala msingoje wikiendi. Popo nao huja usiku.

Sasa, kwa kijana wa Tabata na wengine mliokwisha kukata: msikate tena. Pulizeni dawa ya shaba leo, majani yakiwa makavu. Majani yenye madoa yachumeni na myafukie mbali na shina. Vichala vyote viondoeni, kwa maana mvua itavichukua hata mkivibakiza, na kila jani zima mtakalolivusha masika litaurudishia mzabibu akiba yake.

Kijana aliniuliza, "Mzee, hata kimoja nisibakize?" Nikamwambia hata kimoja. Alianza kuvichuma taratibu, akivikusanya kwenye kiganja cha kushoto, naye hakusema neno hadi alipomaliza mzabibu wa nne. Nimemwahidi kurudi wiki ya kwanza ya Juni, nikishaukata mzabibu wa jirani yangu, ule niliompandia kwa pingili ya mmoja wa ile minne iliyovumilia, ambao sasa umefunika jiko lake lote la vitumbua.