Kufunga nguo za kutuma nje ya Nairobi bila kununua katoni

Dada uliyeuliza kuhusu nguo za watoto na mablanketi unayotuma Kitale na Voi kutoka mtaa wa Umoja hapa Nairobi, na jinsi katoni zinavyokula faida yako: achana na katoni. Nauza mitumba ya soko la Gikomba kwa simu, mizigo yangu mingi husafiri kwa matatu na mabasi ya mbali, na katoni naitumia tu mtu akiagiza viatu au kofia ngumu. Nguo haivunjiki. Inachoogopa njiani ni maji, uchafu na mikono ya watu, na katoni haiikingi na lolote kati ya hayo. Ikinyeshewa juu ya keria inalegea na kupasuka, na selotepu yake hubanduliwa kwa ukucha tu.

Halafu katoni inakulipisha hewa. Kampuni zinazosafirisha mizigo kwa ndege huangalia ukubwa pamoja na uzito: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha nyingi za vifurushi hugawanya kwa 5,000. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 25 inahesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna sweta mbili zisizofika kilo 2. Kwenye matatu hakuna hesabu hiyo, lakini karani anautazama mzigo kwa jicho na kutaja bei, na mzigo ulionona kwa hewa humtajisha bei kubwa.

Kwa nguo moja au mbili, nunua bahasha za kaki. Ya A4 inameza suti ya mtoto mchanga au fulana moja. Ya A3, ambayo ni kama sentimita 30 kwa 42, inachukua jinzi au rinda. Zichukue kwa pakiti huko mjini kwa wauzaji wa jumla, usinunue moja moja kwenye saiba. Chagua nzito. Bahasha nyepesi hupasukia kwenye mshono wa pembeni, kwa hiyo hata ile nzito mimi huipitishia selotepu ya kahawia kwenye mishono kabla sijaingiza nguo, ikiwa bado bapa. Wakati huohuo naandika jina la mteja, simu yake, mji na steji, pamoja na simu yangu, kwa kalamu ya maka. Maandishi yasiposomeka, mzigo unabaki yatima ofisini. Weka pia kikaratasi chenye maelezo hayohayo ndani.

Kuna kitu ninachokipenda kuliko bahasha yoyote, nacho ni mfuko wa nje wa beli la unga. Unga wa pakiti za kilo 2 hufika dukani pakiti 12 zikiwa ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa kaki. Hizo ni kilo 24, na mfuko umetengenezwa kuhimili uzito huo ukishushwa kwenye lori bila huruma. Mwenye duka akishapanga pakiti kwenye rafu, mfuko hana kazi nao tena. Zungumza naye vizuri, mwombe aukate kwa wembe upande wa juu badala ya kuurarua. Uukung'ute nje ya nyumba, ugeuze wa ndani uwe nje, kisha uupanguse kwa kitambaa kikavu pande zote mbili, hasa kwenye mikunjo ya chini ambako unga hujificha. Unga ukibaki utaleta wadudu na kuacha alama nyeupe kwenye nguo nyeusi. Ukifanya hivyo unapata kaki safi isiyo na maandishi nje, inayotosha nguo za watoto watatu, na mteja anapokea mzigo wa kupendeza kabisa. Mimi sijaona kifungashio kinachoishinda.

Gazeti lisiguse nguo nyeupe. Wino wake haukauki sawasawa, unasuguliwa safari nzima na kuhamia kwenye kola. Kama unataka karatasi ya ndani, tafuta ile isiyochapishwa ambayo wenye bucha hufungia nyama. Inauzwa kwa wingi na ni rahisi. Vifungo na zipu vielekeze ndani unapokunja, vinatoboa kaki.

Sasa mablanketi. Hapo hakuna kama gunia la sukari la kilo 50. Lioshe kwa maji ya moto, maana sukari hubaki kwenye mshono wa chini na sisimizi wataifuata hadi Voi, kisha lianike juani likauke kabisa. Usiguse gunia la mbolea wala la makaa, hata ukipewa bure: harufu ya mbolea haitoki, na vumbi la makaa halina dawa. Likunje blanketi, lilalie lote litoe hewa, ulifunge kwa utepe wa kitambaa. Mafundi wa kushona wana vipande vingi wanavyotupa. Mdomo wa gunia shona kwa sindano ya gunia na uzi mnene, mishono ya karibu karibu, maana selotepu haishiki vizuri kwenye gunia hilo. Mshono una faida nyingine: ukikatwa njiani unaonekana. Mteja wangu mmoja alipokea mzigo ukiwa na nguo pungufu, na picha ya mshono niliyoipiga kabla ya kutuma ndiyo iliyomaliza ubishi na wasafirishaji.

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinahitaji kinga zaidi, kwa sababu gunia linapitisha maji. Mimi hutafuta mapazia ya bafuni ya mtumba, yale yanayorundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa, nikakata kipande cha kuzungushia mzigo ndani ya gunia. Bado mwambie karani mzigo uwekwe kwenye buti, usipande keria.

Usidanganywe kurudi kwenye mifuko ya plastiki. Kuna watu wanauza ile bapa wakisema inaruhusiwa kwa kuwa haina mikono. Marufuku ya Kenya iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 inataja yenye mikono na isiyo na mikono, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Biashara ya nguo za watoto haiwezi kubeba hatari hiyo.

Na hilo uliloongezea, kama umtoze mteja pesa ya kufungia: kwa bahasha na kaki ya unga mimi simtozi. Kwa gunia nataja bei tangu mwanzo, kabla hajatuma M-Pesa, na namwambia akilirudisha kwa dereva yuleyule nitampunguzia oda inayofuata.