Jibu: Risasi kuonekana kama kinga kwenye modeli ya metali tatu

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, umeweka viwango vya metali tatu katika damu ya wajawazito, yaani risasi (lead), zebaki na kadimi, katika modeli moja ya takwimu inayokadiria uzito wa mtoto, na risasi, ambayo peke yake ilionyesha madhara, sasa inaonekana kuwa kinga. Usiyaamini matokeo hayo bado. Anza na jedwali la uhusiano kati ya metali zenyewe, kwa sababu zikipanda na kushuka pamoja, modeli ya kawaida hushindwa kuzitenganisha na koefisienti (namba zinazoonyesha athari ya kila metali) huyumba hata kugeuka alama, kutoka hasi kuwa chanya au kinyume chake. Angalia pia ni vipimo vingapi viko chini ya kiwango ambacho mashine huweza kugundua.

Baada ya hapo mimi hutumia kifurushi cha qgcomp katika R (programu ya takwimu), ambacho hukadiria badiliko la uzito metali zote zinapopanda pamoja kwa robo moja (vipimo vya kila metali vikiwa vimegawanywa katika makundi manne, kutoka chini hadi juu), bila kuzilazimisha zielekee upande mmoja kama WQS ya kawaida (njia nyingine ya kupima athari za mchanganyiko) inavyofanya. Ukishuku kwamba metali moja huzidisha madhara ya nyingine, BKMR (njia ya takwimu inayoweza kuonyesha mwingiliano wa metali) inafaa zaidi, ingawa ni nzito kwa kompyuta sampuli zikiwa nyingi.

Sijaiona data yako, lakini tafadhali hakikisha umeweka ulaji wa samaki wa mama katika modeli: samaki huleta zebaki pamoja na mafuta yanayomfaa mtoto, na ukiuacha nje, madhara ya zebaki yanaweza kufichika kabisa.