Pasipoti Ilibaki Kwenye Droo

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu ikalia. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana mwerevu, hesabu zimo kichwani, yuko uwanja wa ndege. "Dada, wanasema kadi ya ukaazi peke yake haitoshi. Niwaambieje?" Nikacheka mpaka nikaketi kitandani. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu aliyesimama pale getini miaka minne nyuma, na swali lilelile mdomoni, nilikuwa mimi.

Wadogo zangu, kila Oktoba mnakuja wapya hapa Ujerumani, na ikifika likizo ya Februari mnafanya yaleyale. Mnanipigia simu mkiwa tayari mmeshaharibu. Basi safari hii naandika mapema, nikiwa bado na subira.

1. Tiketi ya ndege ya euro 15 ni kishika uchumba. Mahari utadaiwa njiani.

Uwanja wa ndege wa Hahn huuzwa kwa jina la Frankfurt, lakini uko kilomita kama 120 kutoka Frankfurt, juu ya vilima vya Hunsrück, mahali palipokuwa kambi ya ndege za jeshi la Marekani. Memmingen wanaiita München, na kati yake na München kuna zaidi ya kilomita 100. Beauvais wanaiita Paris. Ukishuka pale ni lazima upande basi, na nauli ya basi hilo mara nyingine inaizidi ile ya ndege. Kabla hujabonyeza "nunua", tafuta basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Ndege ikitua saa tano usiku na basi limeondoka saa nne na nusu, umenunua kitanda cha chuma kwenye ukumbi wa kusubiria.

2. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, si pasi ya treni zote.

Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Bado ni nafuu, na wenye ile ya wanafunzi wanalipa chini ya hapo. Lakini ni ya treni za mikoani na mijini (RE, RB, S-Bahn), mabasi na tramu za mjini. ICE na IC, zile za masafa marefu, usiziguse. Kuna mwenzetu alikuwa anasubiri RE yake, ikachelewa, ikaingia treni nyeupe ndefu kwenye jukwaa lilelile, naye akaona Mungu amemfungulia mlango. Akakaa. Akasifia viti. Mkaguzi alipofika alimwonyesha simu kwa tabasamu la mtu asiye na hatia, na tabasamu hilo lilimgharimu. Ukikamatwa huna tiketi halali ni kuanzia euro 60, na kusema "sikujua" hakupunguzi hata senti. Tena, kama unataka kusitisha, sitisha kabla ya tarehe 10, la sivyo mwezi unaofuata wanakata tena, na zile euro 992 za kila mwezi zinazodondoka kutoka Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa ya wanafunzi, mnajua zinavyoisha.

3. Pasipoti na kadi ya ukaazi ni mke na mume.

Hapa ndipo niliponyolewa bila maji.

Mwaka wangu wa pili, Mainz. Nilikuwa ninaishi na Mjerumani mmoja na Mwitaliano mmoja, jiko moja, friji moja. Nilimwona kwa macho yangu yule Mjerumani akienda Ureno na kikadi tu mfukoni, ukubwa wa kadi ya benki. Mwitaliano naye, kwao huenda na kurudi kwa kikadi. Nami nikajitazama: kikadi ninacho, ukubwa uleule, kina picha yangu, kina chipu, ndani yake wameweka mpaka alama za vidole vyangu. Sasa pasipoti ya nini? Ikipotea nani ataanza safari ya ubalozini Berlin kuomba nyingine? Kwa hiyo sikuisahau, jamani. Ningeisahau ningejisamehe. Niliiweka kwenye droo kwa makusudi, chini ya soksi, nikafunga kwa ufunguo, nikajiona mwanamke mwenye akili.

Nilikuwa nakwenda Milano, kwa binti wa mama mkubwa, hatujaonana miaka sita. Tiketi ya kwenda na kurudi euro 38. Nikapanda basi kutoka Mainz kwenda Hahn, zaidi ya saa moja, giza bado halijaondoka. Nikapiga picha begi langu na bango la uwanja, nikaweka status: "Milano, nakuja." Mama akaiona Tanga akiwa anachemsha chai, akaituma kwenye kikoba chake. Kabla sijafika getini wanawake wawili walishaulizia bei za mikoba ya ngozi, na mmoja akatuma namba ya kiatu.

Getini msichana wa shirika akapokea kadi yangu. Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Na pasipoti?" Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kiwango cha B1, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba hiyo ndiyo kadi, imetolewa na serikali yenu wenyewe. Akaniambia, naye taratibu, kwamba kadi hiyo inasema ninaruhusiwa kuishi Ujerumani. Haisemi kwamba ninaweza kusafiri bila pasipoti. Kile cha Mjerumani ni kitambulisho cha raia. Changu ni ruhusa, na ruhusa hutembea na pasipoti ya mwenyewe. Nikajaribu kumtajia namba ya pasipoti kwa kichwa. Niliijua yote, na sijui nilidhani ingenisaidia nini. Nyuma yangu foleni ilikuwa imenyamaza, ule unyamavu wa watu wanaojifanya hawasikilizi. Akanisogeza pembeni kwa upole. Ule upole ndio ulioniuma.

Nikasimama dirishani nikaangalia ndege ikirudi nyuma, ikageuka, ikaondoka na kiti changu.

Na hata hapo sikukomea. Binti wa mama mkubwa alikuwa ameshapika pilau. Nikamwandikia kwamba ndege imezuiwa na ukungu. Dakika mbili hazijapita akanitumia picha ya skrini: ndege inaonekana iko juu ya Uswisi, inakwenda zake. Hakuandika neno. Yeye aligundua, Mama na kikoba chake nikawaacha waamini niko Italia. Nikarudi Mainz, nikajifungia chumbani siku tatu. Mchana sitoki. Saa sita usiku nanyata jikoni kukoroga uji, nikiomba friji isilie. Usiku wa pili Mwitaliano akawasha taa, akanikuta na mwiko mkononi. "Si ulikwenda kwetu?" akaniuliza.

Nauli, mabasi, na tiketi mbili za treni ya Venezia zisizorudishwa pesa, jumla ilipita euro 100. Wakati ule nilikuwa naosha sufuria kwenye mkahawa mmoja; hizo ni zamu mbili nzima, na mikono imebabuka.

Mwanamke wa kiatu bado ananidai.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo limeshapata watu: unabeba pasipoti, ndani ina ile viza ya D uliyoingilia nchini, iliyokwisha muda tangu mwaka juzi, na kadi umeiacha nyumbani. Kuondoka pengine utaondoka. Kurudi ndiko kwenye kazi. Na msidanganyike kwamba ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa mipakani, hakuna anayeuliza: tangu Septemba 2024 Ujerumani imeweka ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na basi la usiku ndilo wanalopenda kulisimamisha. Utaamshwa saa tisa usiku na tochi usoni.

4. Euro si Schengen.

Uswisi haitumii euro, lakini kwa kadi yako ya Ujerumani unaingia. Ireland inatumia euro, lakini haimo Schengen, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza yao. Uingereza vivyo hivyo, viza. Kroatia imeingia Schengen Januari 2023, Romania na Bulgaria zimeingia kikamilifu Januari 2025. Na kwenye nchi nyingine za Schengen kadi yako inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo yule anayepanga kuhamia kwa mchumba wake Lisbon semesta nzima, ahesabu vizuri.

5. Kadi ikikaribia kuisha, omba upya kabla haijaisha, na ukipewa Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya muda ya kusubiria kadi mpya, soma kisanduku kilichotiwa alama: kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4 kinakuruhusu kutoka na kurudi, aya ya 3, tulia nyumbani.

6. Begi lipime nyumbani, na koti lenye mifuko mikubwa ni begi la pili lisilolipiwa.

7. Kama hujafika miaka 26, ile kadi ya ukaazi inakuingiza makumbusho ya Louvre, Paris, bure, kama wenyeji wa Ulaya. Ndiyo, kikadi kilekile kilichoniaibisha Hahn. Nilipokionyesha pale mlangoni Paris nilikuwa nimekishikilia kwa mikono miwili, na pasipoti nimeibana kwapani.

8. Ukifikia kwa watu wetu, usiende mikono mitupu. Kilo mbili za unga wa sembe kutoka duka la Kiafrika zinakununulia godoro kwa siku nne, na ukiosha vyombo utaalikwa tena. Binti wa mama mkubwa nilimwendea mwaka uliofuata na unga, dagaa na majani ya chai. Alinifungulia mlango akanyoosha mkono. Nikadhani anataka begi. Alikuwa anataka kuiona pasipoti.

Yule kijana wa Ijumaa alirudi salama bwenini, kapoteza euro 41. Nikampikia chai, nikamsomea hayo yote, akaitikia kwa adabu, "Nimeelewa, Dada." Jana usiku kanitumia ujumbe: kapata tiketi ya Dublin, euro 12, na safari hii pasipoti anabeba.