Usisubiri umalize episodi mia

Mdogo wangu, umesema unaandika peke yako tamthilia ya episodi mia, baba anakutaka dukani kwake, na unauliza kama uimalize kwanza ndipo utafute kazi. Usisubiri.

Agnes Nixon, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, naye baba yake alimtaka kwenye biashara yake ya nguo za kuzikia. Akamkutanisha na Irna Phillips, bingwa wa tamthilia za redio, akitumaini atamkatisha tamaa binti. Phillips alisoma andiko lake akamwajiri papo hapo. Agnes akaanza kwa kuandika mazungumzo ya visa vya Phillips. One Life to Live, tamthilia ya televisheni aliyoibuni mwenyewe, ilianza 1968. Kabla ya hapo, 1962, aliandika kisa cha saratani ya kizazi ili wanawake waende kupimwa, japo alikatazwa kutamka hata neno "saratani" hewani. Hilo hunigusa mpaka leo.

Kwa hiyo chagua episodi moja, uisafishe, uombee kazi. Mfano: Mke anakunja suruali ya mume, anakuta risiti ya gesti mfukoni, anaificha kifuani, anaendelea kukunja. Mume anaingia, anauliza chai. Kata hapo hapo! Mtazamaji atarudi kesho.

Kwenye tamthilia ndefu, mwandishi mkuu hupanga mkondo wa hadithi wa miezi, waandishi wengine hugawana episodi. Nafasi yako ni hapo kwenye kugawana. Duka lifungue asubuhi, uandike usiku, na ukiitwa uliza malipo ni kwa episodi au kwa mwezi kabla hujakabidhi chochote.