Maswali ya wasomaji: Nikiuliza hesabu za kijiji nimempinga Mungu?

Anayejibu ni mtendaji wa kata mstaafu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mzee, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa viazi mkoani Njombe. Kijijini kwetu kila kaya ilichanga shilingi 15,000 za zahanati, tukasomba na mawe na mchanga kwa kichwa. Boma limefika usawa wa lenta likaishia hapo, na sasa magugu yameota ndani. Kwenye mkutano wa mwisho nilinyoosha mkono nikaomba tusomewe mapato na matumizi. Mwenyekiti akasema ajenda hiyo haipo. Jioni yake mzee mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani, akafungua Warumi 13, akaniambia nimeshindana na mamlaka iliyowekwa na Mungu na kwamba nitubu. Tangu siku ile sina amani. Je, nimekosea?

JIBU: Amina, mama, marahaba. Hukukosea, na toba hiyo usiifanye, maana hakuna dhambi ya kuitubia.

Mzee aliyekuja kwako sitamsema vibaya. Mstari aliokusomea umo hata kwenye Biblia yangu, na Mkristo hana ruhusa ya kuuruka. Ila angeendelea kidogo tu, mpaka mstari wa nne, angemkuta mtawala akiitwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako. Mtumishi huulizwa kazi imefika wapi. Angeongeza na Matendo 16 angemkuta Paulo mwenyewe huko Filipi. Alichapwa viboko hadharani na kutupwa gerezani bila kesi kusikilizwa, na asubuhi mahakimu wakatuma watu waje wamfungulie aondoke zake kimyakimya. Paulo akakataa kutoka. Akasema yeye ni raia wa Rumi, amepigwa mbele ya watu wote bila kuhukumiwa, kwa hiyo waje wao wenyewe wamtoe. Na wakaja, tena wakibembeleza. Miaka kadhaa baadaye mtu huyohuyo, mwenye makovu ya fimbo za serikali mgongoni, ndiye aliyewaandikia Warumi kuhusu kutii mamlaka. Mambo hayo mawili hayakugombana kichwani mwake. Hakumtukana hakimu wala hakuchochea watu. Aliijua sheria, akadai ifuatwe.

Sasa na sisi tuijue ya kwetu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema chombo chenye kauli ya mwisho katika mambo ya kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mwenyekiti anauongoza tu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, inatekeleza na kurudi kutoa taarifa. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Ndiye katibu, ndiye mwandika muhtasari. Kwa hiyo kama mzee wako alikuwa anaitafuta mamlaka iliyo kuu pale kijijini, alikuwa ameketi nayo kwenye nyasi, imejifunika mablanketi na makoti kwa baridi ya Njombe, na wewe ulikuwa mmoja wao. Aliyesema ajenda haipo ndiye aliyekuwa na la kujibu. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ni jambo la kusomwa pale bila hata kuombwa. Katiba nayo, ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi.

Kinachonishangaza ni kwamba kanisani tumezoea. Kila Jumapili, kwenye matangazo, mhasibu anasimama na kusoma sadaka ya wiki iliyopita mpaka shilingi ya mwisho, na baada ya mnada anasema yule jogoo aliyetolewa na kina mama ameuzwa shilingi ngapi. Hakuna aliyewahi kuambiwa amemwasi mchungaji kwa kusikiliza. Paulo alipobeba mchango wa makanisa alikataa kuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anasema wazi alifuatana na wengine mtu asije akawalaumu. Leo jogoo wa mnada ana hesabu na zahanati haina, na bado unaambiwa mwenye kosa ni wewe?

Basi fanya hivi. Andika barua fupi kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata, ukiomba ajenda ya mapato na matumizi ya zahanati iwekwe kwenye mkutano ujao. Tafuta majirani kumi na wawili hivi watie sahihi, wanaume kwa wanawake, wa dini zote, wa vyama vyote. Toa kopi, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kopi yenye muhuri inaheshimiwa kuliko kelele za mkutano mzima. Kata isipojibu, barua inayofuata ni ya mkurugenzi wa halmashauri.

Siku ya kusomewa usitosheke na jumla tu. Omba kuona daftari la michango, vitabu vya stakabadhi, na hasa leja ya stoo. Nilipokuwa kazini, kila nilipoitwa kwenye ujenzi uliokwama nilianza na leja ya stoo: saruji iliyoingia mifuko mingapi, iliyotoka mingapi, nani alisaini kuipokea, baki ni ngapi. Fundi anajua mifuko mingapi ilitumika kwenye msingi. Mkiwaweka fundi na leja meza moja, dakika kumi zinatosha.

Na tahadhari moja, mama yangu. Usiseme "wamekula" kabla ya kuona daftari. Maboma mengi nchini yamesimama kwenye lenta kwa sababu utaratibu wetu ni kwamba wananchi wananyanyua kuta na serikali inakuja kumalizia kwa mabati na vifaa, halafu fedha ya kumalizia inachelewa kuingia kwenye bajeti. Inawezekana mwenyekiti wako hajala hata senti, ila anaona aibu kusema kwamba hajui fedha itakuja lini. Kumshuhudia mwenzako uongo nako ni dhambi, hata kama ni kiongozi na hata kama kijiji kizima kinakupigia makofi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina miaka 26, nimepata kibarua cha kukusanya ushuru wa mazao kwenye geti la barabarani. Wenzangu usiku hawatoi risiti ya mashine, wanapokea pungufu na kugawana, wanasema malipo yetu ni madogo. Nikikataa wananiona msaliti. Kwaya nayo inanitania "Zakayo". Mchungaji amesema kama kazi ina majaribu niiache. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiache. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji na swali kama lako, na Luka 3 inaonyesha hakuwaambia waache meza zao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Ukiondoka, geti litabaki na hao wagawanaji watupu.

Mimi nimekusanya kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Tulikuwa tunatoka alfajiri na mgambo, na mbwa wa kwanza akibweka, wanaume wa kitongoji wanapita mlango wa nyuma kwenda kujilaza kwenye mahindi. Mwalimu wa kwaya naye niliwahi kumkuta humo, umande umemlowesha mpaka kiunoni. Siku tuliyotangaziwa kodi imefutwa nilicheka peke yangu ofisini. Kwa hiyo najua mkusanyaji anavyotazamwa, na Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, asikuumize kichwa. Alipandishwa mtini na ufupi tu, na alishuka mtu mwema.

Ila uelewe hiyo fedha inakwenda wapi, maana wenzako wanadhani wanamwibia "serikali", mtu mmoja mnene aliyeko Dodoma. Ushuru wa geti ni mapato ya ndani ya halmashauri yenu. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inataka asilimia 10 ya mapato hayo ikakopeshwe bila riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Gari likipita usiku bila risiti, kikundi cha akina mama wa usharika wako walioomba mkopo wa kufuga kuku wanaambiwa fungu halitoshi. Hawatajua kamwe kwamba fungu lao liliishia mfukoni pale getini.

Na haifichiki kama wanavyodhani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikirudia hoja hiyohiyo kuhusu halmashauri: fedha imekusanywa kwa mashine za POS, yaani hizo za kutolea risiti, benki haikufika. Mashine inakumbuka jina la aliyeishika. Ripoti inakwenda kwa Rais, inafikishwa bungeni, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inamhoji mkurugenzi. Mkurugenzi akihojiwa, akirudi nyumbani hamtafuti waziri. Anamtafuta mwenye mashine.

Upande wa pili wa maneno ya Yohana nao usiusahau. Msitoze zaidi. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na ikamwondolea ushuru anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Bibi mwenye magunia matatu ya mahindi juu ya bodaboda ya magurudumu matatu hakupaswa hata kusimamishwa. Muulize mweka hazina akupe viwango vinavyotumika sasa kwa maandishi, uvibandike ukutani pale getini. Kuhusu kugawana, waambie wenzako kwa upole kwamba kila gari la zamu yako litapata risiti. Omba zamu ya mchana kama inawezekana. Malipo kuwa madogo ni hoja ya kweli, ipeleke kwa mwajiri kwa barua.

SWALI: Mzee, daraja letu la miti limesombwa na mvua. Diwani anatutuma kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya anasema tumwone mbunge. Tumechoka. Nani hasa mwenye barabara?

JIBU: Wote hao wanne hawana barabara mkononi. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya, za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini; barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Nendeni na picha ya daraja na barua ya halmashauri ya kijiji kwenye ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya.

Hao wengine, kwa kifupi: mkuu wa wilaya na mkurugenzi wote wanateuliwa na Rais, wa kwanza anaiwakilisha Serikali Kuu na kusimamia usalama, wa pili ni mtendaji mkuu wa halmashauri na ndiye anayeidhinisha malipo. Diwani mmechagua nyinyi. Madiwani wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri miongoni mwao, na mbunge naye anaingia kwenye baraza hilo. Diwani hawezi kutengeneza daraja, ila anaweza kuibana TARURA kwenye kikao, na kikao cha baraza mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Watu wengi hawajui.

Mfumo huu wa kugawana kazi ninaupenda, pamoja na kuzungushana kwake. Nimeona mambo yalivyokuwa bila huo: mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, mambo yakaamuliwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani, mpaka sheria za 1982 ziliporudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi 1984. Katika Biblia, Yethro alimkuta mkwewe Musa amekaa kutwa nzima akiamua kesi za taifa zima, akamwambia utachoka wewe na watu wako. Weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wenye kumcha Mungu na kuchukia mapato ya udhalimu. Tunamwombea Rais kila Jumapili, vizuri kabisa. Mkuu wa kumi, yaani mwenyekiti wa kitongoji anayegonga hodi saa sita usiku kuamua ugomvi wa mpaka, sijasikia akiombewa kwa jina.

SWALI: Je, ni halali kutangaza mkutano wa kijiji kanisani? Baadhi wanasema ni siasa.

JIBU: Halali kabisa. Tangazeni siku, saa, mahali na ajenda, kama mnavyotangaza chanjo ya watoto. Jina la chama au la mgombea lisitajwe madhabahuni. Na mkutano ukipangwa Jumapili saa nne asubuhi, baraza la wazee liandike kumwomba mwenyekiti ausogeze hadi saa nane mchana. Atakubali, kwa vijiji vingi ninavyovijua mimi, saa nne hiyo mwenyekiti mwenyewe yuko kwenye benchi la tatu.